Tarantula na kisahani cha maji: vituko vyake, sababu zake na dawa yake

Umebadilisha maji jioni, asubuhi unakuta kisahani kimejaa udongo mpaka ukingoni. Unakiosha, unakijaza upya, kesho yake ni yale yale. Siku nyingine utakikuta kimepinduliwa, kimezibwa kwa utando, kimetupiwa mabaki ya nyenje, au buibui mwenyewe amekikalia huku tumbo likigusa maji. Mfugaji mgeni huchoka upesi. Huamua kwamba tarantula wake hapendi maji, akaondoa kisahani na kubaki kunyunyizia kasha kwa chupa mara mbili kwa wiki. Uamuzi huo ni mbaya. Karibu kila kituko cha tarantula kwenye maji kina sababu inayoeleweka na kina dawa, na hakuna hata kimoja ambacho dawa yake ni kumnyima maji.

Tuanze na mwili wenyewe. Miguu ya tarantula ina misuli ya kukunja, lakini kwenye viungo vyake viwili vikubwa haina misuli ya kunyoosha. Kunyoosha hufanywa na shinikizo la damu: mnyama anaisukuma damu yake kutoka kifuani kwenda miguuni, na mguu unanyooka. Maji yakipungua mwilini, damu inapungua, shinikizo linashuka, na miguu inaanza kujikunja chini ya mwili. Ndiyo maana tarantula anaweza kugoma kula kwa muda mrefu bila madhara lakini kiu humwangusha. Grammostola porteri wa Chile anasifika kwa migomo ya miezi mingi mfululizo, na mwenye kumwachia maji safi hana sababu ya kukosa usingizi. Mgomo huo huo kwenye kasha kavu lisilo na kisahani ni kifo.

Kuhusu kuzama, hofu imezidi hatari. Ni kweli kwamba mapafu yake, jozi mbili, yako upande wa chini wa tumbo na hupata hewa kupitia mianya midogo iliyo hapo hapo. Lakini nywele za mwili hazishiki maji kwa urahisi. Hubakiza tabaka la hewa, na tarantula mwenye afya akitumbukia kwenye maji huelea, kisha hupiga makasia kwa miguu mpaka nchi kavu. Yale mawe yanayowekwa ndani ya kisahani "asizame" hayamsaidii tarantula mkubwa hata kidogo. Yanamsaidia nyenje asife majini, na hiyo ni faida ya kweli, ila ujue unaweka mawe kwa ajili ya nani.

Anavyokunywa

Kitu cha kwanza kinachomshtua mfugaji mpya ni kumwona tarantula akinywa. Mdomo wake hauko mbele. Uko nyuma ya taya zenye meno ya sumu, katikati ya mashina ya vile vimiguu viwili vifupi vya mbele. Ili maji yafike mdomoni, inabidi ainamishe kifua, afungue meno na azamishe taya zote mbili. Sehemu ya mbele ya mwili inalala juu ya maji na tumbo linabaki limeinuka nyuma. Tumbo la kufyonza lililo ndani ya kifua ndilo linalovuta maji, taratibu, na anaweza kubaki hivyo dakika nyingi bila kutikisika. Watu humtoa haraka wakidhani amekufa majini. Angalia miguu: kama imekanyaga nje ya kisahani kwa nafasi ya kawaida na haijajikunja, mwache anywe. Ukimgusa wakati huo atakimbia au atakugeukia, na kiu inabaki pale pale.

Utamwona akinywa zaidi siku za kuelekea kujivua gamba, na zaidi tena siku chache baada ya kujivua. Wengine hunywa mara tu baada ya kuhamishiwa kasha jipya. Wengine hutawaona wakinywa mwaka mzima, kwa sababu hunywa usiku umelala. Kutomwona si ushahidi kwamba hanywi.

Udongo ndani ya kisahani

Hiki ndicho kinachochosha watu kuliko vyote, na hapa panahitaji subira ya kuangalia kwa makini. Usimwage udongo huo kabla hujautazama. Tarantula anayechimba hubeba udongo kwa taya na vimiguu vya mbele, akiufunga na nyuzi chache ili usisambaratike, kisha huutupa mahali pa kwanza penye shimo au ukingo. Kwa hiyo ukikuta madonge ya mviringo yaliyoshikana kwa nyuzi, ujue mnyama anachimba na kisahani chako kimekaa njiani anapotupia taka. Dawa ni kukihamishia pembe iliyo mbali na mdomo wa shimo, halafu kumwachia nafasi amalize kazi. Shimo likikamilika, udongo hukoma.

Tatizo linakuja pale shimo lisipoweza kukamilika. Pelinobius muticus, yule tarantula mkubwa wa rangi ya kutu wa nyika za Kenya na Tanzania mwenye miguu minene ya nyuma, ni mchimbaji wa maisha yote. Ukimpa udongo wa sentimita 8, atachimba, atafika kwenye sakafu ya plastiki, ataacha, ataanza upya upande mwingine, na kisahani kitajazwa kila usiku kwa miezi. Huyo anataka sentimita 25 hadi 30 za udongo ulioshindiliwa: changanya kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, na udongo wa kawaida usio na mbolea wala dawa, kwa kiasi kinacholingana; lowesha kidogo, kisha kandamiza kwa ngumi tabaka moja moja ili shimo lisiporomoke. Kokopiti tupu ni nyepesi mno kwake. Pterinochilus murinus, tarantula mwingine wa Afrika Mashariki, anatosheka na sentimita 10 hadi 15, pamoja na gome la mti la kuanzia.

Kama ulichokikuta si madonge bali ni udongo mlegevu uliosukumwa, basi mnyama anapanga upya kasha. Theraphosa blondi wa misitu ya Guyana na Suriname na Lasiodora parahybana wa Brazili ni mashuhuri kwa hili. Husukuma udongo mbele yao kwa taya na miguu ya mbele mpaka kasha lionekane limelimwa. Wanazidisha wiki za kwanza baada ya kuhamishwa na siku za kuelekea kujivua gamba. Hapa inua kisahani: kiweke juu ya jiwe bapa ili ukingo wake uwe sentimita 1 hadi 2 juu ya udongo. Kisahani kilichofukiwa mpaka ukingo ukalingana na ardhi kinapendeza kwenye picha, lakini kwa jamii hizi ni mtego wa udongo.

Wapo wanaosema tarantula hutia udongo majini makusudi ili kuongeza unyevu wa kasha. Siikubali hoja hiyo. Unyevu unaongezeka kweli, lakini tabia ile ile utaiona kwenye kasha lililolowa tayari, na utaiona kwa jamii zinazokaa pakavu. Ufafanuzi wa uchimbaji unatosha.

Jambo moja linalokwenda pamoja na hili: kisahani kilichokauka asubuhi hakina maana kwamba maji yote yamenywewa. Tarantula wengi wa kufugwa hawafiki gramu 50 kwa uzito. Mililita 40 haziwezi kuingia mwilini mwake kwa usiku mmoja. Maji hayo yamefyonzwa. Kokopiti ikigusa maji na kushuka nje ya ukingo, huyavuta polepole mpaka kisahani kikauke, na utando unaoning'inia toka ndani hadi nje hufanya kazi hiyo hiyo. Ili uhakikishe, gusa udongo kuzunguka kisahani: ukilowa upande mmoja tu, maji yanatokea hapo. Futa ukingo kwa tishu, ondoa nyuzi au punje zilizougusa, na maji yatakaa. Usipofanya hivyo utakuwa unajaza kila siku na kulowesha pembe moja mpaka iote ukungu, huku mnyama akibaki na kisahani kikavu nusu ya wakati.

Kubeba, kupindua, kutupia taka

Kizibo cha soda ni kisahani kizuri kwa tarantula mdogo, ila ni chepesi. Akikua kidogo atakiburuta mpaka shimoni au kukigeuza juu chini. Gundisha kizibo kwenye jiwe bapa kwa silikoni ile ya matangi ya samaki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na uiache ikauke kabisa mpaka harufu ya siki iishe. Mara nyingi siku 2 zinatosha. Kwa wakubwa tumia kauri nzito au kibakuli kidogo cha kioo kinene chenye kitako kipana kuliko mdomo. Plastiki nyembamba isiyo na uzito haifai kwa tarantula wa zaidi ya sentimita 10 kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu.

Mabaki ya chakula kutupwa majini hayatokani na chuki. Tarantula akimaliza kula hubakiza donge la magamba lililofungwa na nyuzi, na hupenda kulitupa pembe moja iliyo mbali na anapolala. Kama hiyo ndiyo pembe uliyoweka maji, yatatupwa majini. Hali kadhalika kinyesi, ule ujiuji mweupe. Hamisha kisahani kwenda upande mwingine na mara nyingi tabia inakoma yenyewe, kwa kuwa jalala hubaki palepale pa zamani. Usipuuze: donge lililolowa huoza kwa siku 2 au 3, maji hugeuka rangi na kunuka, vinzi vidogo huja kutaga, na utitiri huongezeka. Baya zaidi ni minyoo midogo ya nematodi, ambayo hustawi penye unyevu na uozo. Tarantula aliyeipata hukataa kula, hutokwa na ute mweupe kuzunguka mdomo, na mara nyingi haponi. Nyenje aliyekufa majini mtoe siku hiyo hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo usiweke sponji ndani ya kisahani. Ushauri huo ni wa zamani na bado unauzwa madukani pamoja na visahani vyenyewe. Taya haziwezi kukamua sponji vya kutosha, na ndani yake bakteria hukua usipoona.

Wafunga utando

Pterinochilus murinus, aliyepewa jina la kisayansi na Reginald Pocock mwaka 1897, ni wa kwetu: wapo pwani na bara ya Afrika Mashariki, na ile aina ya rangi ya chungwa inayopendwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani inauzwa huko kwa jina la milima ya Usambara. Ni mwepesi, mkali, na akitulia hufunga utando kila kona, kisahani kikiwemo. Chromatopelma cyaneopubescens wa rasi ya Paraguaná huko Venezuela hufanya hivyo hivyo, na Monocentropus balfouri wa kisiwa cha Socotra pia. Wote watatu wanatoka sehemu zenye ukame, na kwao utando ni sakafu, ukuta na kengele ya hatari.

Usipambane nao. Ukikata utando kila wiki unamvuruga na atafunga tena usiku ule ule. Mimina maji juu ya utando hapo hapo penye kisahani. Sehemu itapenya chini, sehemu itabaki kama matone juu ya nyuzi, na atakunywa yote mawili. Mara moja kwa mwezi hivi, au mapema zaidi ukiona uchafu, kata kipande kilichofunika kisahani kwa mkasi mrefu, toa kisahani, weka kingine safi. Kuwa na visahani viwili vya ukubwa mmoja kwa kila kasha kunakuokolea muda: kimoja kinatoka, kingine kinaingia papo hapo, na mfuniko haukai wazi wakati unasugua.

Sasa namna ya kujaza bila kung'atwa, maana P. murinus hafanyi mzaha na jamii hizi za Afrika hazina zile nywele za kuwasha za kujikinga. Silaha yao ni meno, na maumivu yake ni makali. Tumia sirinji ya mililita 60 na mpira mwembamba wa sentimita 30. Kama kasha lina tundu la hewa linalopitisha mpira, pitisha hapo na usifungue mfuniko kabisa. Fanya mchana, akiwa ndani. Sukuma maji polepole yakishuka kwenye ukuta wa kisahani, wala yasidondoke kutoka juu, kwa sababu mitetemo ya matone humfikia miguuni na anaweza kutoka mbio kuushambulia mchirizi akidhani ni windo. Hilo hutokea mara nyingi na si dalili ya ugonjwa. Acha kusukuma, subiri arudi. Ukitaka kutoa kisahani naye yuko nje, mfunike kwanza kwa kopo la uwazi, kisha tumia kibanio kirefu cha sentimita 25 au zaidi. Kidole kisiingie humo.

Kwa jamii za Amerika hatari ni nyingine. Theraphosa, Lasiodora na Brachypelma hupukuta nywele za kuwasha kutoka tumboni, na nywele hizo huanguka majini na kuelea juu. Unapoosha kisahani vaa glavu, mimina maji yale chooni bila kuyarusharusha, na usijiguse macho. Nywele hizo zikiingia jichoni huhitaji daktari wa macho.

Kukalia maji, na kukimbia udongo

Tarantula akikalia kisahani siku nzima, watu wengi husema kasha ni kavu. Inaweza kuwa kweli, lakini uliza kwanza ni jamii gani na yupo humo tangu lini. Theraphosa blondi anayekalia maji wiki nzima huku udongo umekauka mpaka chini anakuambia jambo zito. Kwa kasha la sentimita 40 kwa 40 lenye udongo wa sentimita 15, mimina mililita 200 hadi 300 za maji kwenye pembe moja, polepole, yashuke chini yenyewe. Shabaha ni tabaka la chini liwe na unyevu na la juu likauke. Rudia pale kidole chako kikiingia sentimita 5 bila kukuta ubichi.

Lakini tarantula wa kavu aliyehamishwa juzi naye hukalia kisahani, kwa sababu ndicho kitu pekee kigumu chenye uso sawa juu ya udongo mgeni asioupenda. Mpe wiki 2. Na tarantula anayening'inia ukutani, au anayesimama ameinua mguu mmoja mmoja asiguse ardhi, mara nyingi anakwepa udongo uliolowa. Huyo ukimwongezea maji unamtesa. Acha ikauke, ongeza matundu ya hewa, bakiza kisahani.

Hapa ndipo kunyunyizia kunapoharibu mambo. Mvuke unaojaa kwenye kioo bila hewa kupita haumsaidii mtu. Avicularia avicularia na Caribena versicolor wa Martinique, wakaaji wa mitini, hufa kwenye makasha yenye unyevu mwingi na hewa iliyosimama; hao wanataka matundu pande mbili na kisahani kilichobandikwa juu, theluthi ya pili ya urefu wa kasha, karibu na gome wanapolala. Matone machache juu ya utando wao yanakubalika kwa kuwa porini hunywa ya mvua. Kuwalowesha wao wenyewe hakukubaliki.

Na yupo mmoja anayevunja kanuni zote hizi: Hysterocrates gigas wa Kamerun, ambaye naye alipewa jina na Pocock mwaka huo huo wa 1897. Huyu huingia majini kwa hiari. Huogelea, na huzama kabisa akiwa amebeba hewa kwenye nywele zake, kisha hutoka na kurudi shimoni. Mpe bakuli la upana wa sentimita 15 na kina cha sentimita 5 hadi 6, lenye mteremko wa mawe wa kutokea, na udongo mbichi wenye kina kwa ajili ya shimo. Maji yake yabadilishwe kila siku 2, kwa sababu huyachafua sana. Ukimkuta chini ya maji usimwokoe.

Ukubwa wa kisahani na maji yenyewe

Kwa mtu mzima, upana uwe angalau urefu wa mwili wake bila miguu. Ukienda mpaka nusu ya upana wa miguu ni vizuri zaidi. Tarantula wa sentimita 12 anatosheka na kisahani cha sentimita 5 hadi 6, kina cha sentimita 1.5 hadi 2. Theraphosa mkubwa anahitaji sentimita 12 hadi 15. Wadogo wa sentimita 2 hadi 4 wape kizibo chenye maji ya milimita 3 hadi 5. Wale wachanga kabisa, chini ya sentimita 2, hawahitaji kisahani kama udongo wao una unyevu upande mmoja. Dondosha tone moja au mawili kwenye ukuta wa kikopo kila siku 2 au 3, mbali na mwili wao. Hao hukauka haraka sana, na kikopo kidogo kikisahaulika siku chache za joto kali hakuna cha kuokoa.

Maji ya bomba yanafaa. Maji ya mvua yanafaa pia. Maji ya visima vya chumvi, ambayo wengi wa pwani tunayo majumbani, yaache. Huacha ukoko mweupe kwenye kisahani, na kila yanapokauka chumvi inazidi. Osha kisahani mara moja kwa wiki kwa maji ya moto na brashi, bila sabuni. Badilisha maji kila siku 3 au 4 hata yakionekana safi. Kwenye nyumba ya Muscat yenye kiyoyozi usiku kucha, au chumba chenye hita majira ya baridi Ulaya, kisahani hukauka upesi kuliko Dar es Salaam mwezi Aprili. Angalia kila siku.

Akikaukiwa

Tumbo dogo lakini laini ni njaa. Tumbo lililokunjamana, lenye mabonde, pamoja na mwendo wa kuyumba, ni kiu. Tofautisha pia mkao wa miguu: tarantula aliyetishika hukusanya miguu juu ya kifua, magoti yakiwa juu. Aliyekaukiwa miguu inaingia chini ya mwili, ncha zikikaribiana. Huyu wa pili asingoje kesho.

Chukua mfuniko mpana wa kopo, tia maji ya joto la chumba yenye kina cha milimita 3 hadi 5. Mlaze kifua na taya ndani ya maji, tumbo nje, likiegemea tishu iliyokunjwa, ili mianya ya mapafu isiguse maji. Kama miguu imekwisha kujikunja na taya hazifiki, dondosha matone madogo kwa sirinji kwenye shina la meno. Mweke gizani, nyuzi 24 hadi 28, bila taa ya joto, maana taa inamkausha zaidi. Mwangalie kila nusu saa. Dalili ya kwanza nzuri ni miguu ya mbele kulegea na kufunguka. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Usitie sukari, chumvi wala maziwa. Ule mtindo wa kumfungia kwenye kopo lenye tishu zilizoloweshwa na mfuniko uliobanwa siushauri: hewa inasimama, uchafu unakua, na bado maji hayajamfika mdomoni.

Akijivua gamba

Tarantula aliyelala chali hafi. Anajivua gamba, na kazi hiyo huchukua saa nyingi. Kumwagia maji wakati huo, au kumgeuza, ni kumuua kwa mkono wako. Akikataa chakula na tumbo likaweka weusi, jaza kisahani na ondoa kila nyenje aliye hai ndani ya kasha, kisha usiguse kitu. Baadhi huchagua kujivulia ukingoni mwa kisahani, na wachache juu yake kabisa. Ukimkuta hivyo usimhamishe. Kama maji ni mengi chini ya mgongo wake, yapunguze kwa sirinji kutoka upande wa mbali, polepole, bila kugusa kisahani.

Akimaliza, meno yake yatakuwa meupe na laini, hawezi kula, lakini atataka kunywa. Kisahani kiwe kimejaa kuanzia saa ya kwanza. Chakula kingoje mpaka meno yawe meusi kabisa: wiki moja hivi kwa wadogo, siku 10 hadi 14 kwa wakubwa, na zaidi kwa Theraphosa.